Fataki za kujazia risasi nyumbani: ichague kwa bunduki itakayoipiga, si kwa bei

Mjukuu wa Sikonge (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa msimu wa uwindaji watu kadhaa waliniuliza kuhusu fataki, kile kikofia kidogo kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti, nikawa najibu mstari mmoja mmoja. Juzi mdogo wetu mmoja akaandika kwamba amepata fataki "kubwa" kwa bei nzuri na anataka kuzitia kwenye maganda ya .45 ya bastola. Nikamwuliza boksi limeandikwa nini. Zilikuwa fataki kubwa za bunduki. Hapo nikaona majibu ya juu juu yatakuja kumtoa mtu jicho, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Naandika nikiwa Minnesota, na nawaandikia tunaoishi Marekani. Kwetu Afrika Mashariki kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hapa kujaza risasi, yaani kulitia ganda lililokwisha kupigwa fataki, baruti na kichwa kipya, kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu, lakini kujaza ili uuze kunahitaji. Halafu mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa atimize masharti machache, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Jua kwanza umesimama wapi kisheria, ndipo uingie dukani.

Nasema "fataki" kwa maana aliyoitumia babu. Alikuwa na gobole lenye kibali, na fataki zake, vile vikofia vya shaba, alizitunza kwenye kikopo cha bati juu ya kichaga. Akishashindilia baruti na goroli, anakichukua kikofia kimoja kwa ncha za vidole viwili, anakivika kwenye chuchu ya gobole kwa kidole gumba, polepole, huku sisi watoto ametusogeza nyuma ya mwembe. Kazi ya fataki iliyo kwenye kitako cha risasi ya leo ni ileile: inapigwa, inatoa mwali, mwali unawasha baruti. Aliyeanzisha njia hii ni mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege, na bunduki ya jiwe ilikuwa inatoa cheche kwanza, ndege wanashtuka kabla risasi haijatoka.

Sasa fataki ya leo. Ishike moja kwa kibanio uitazame chini ya taa. Kuna kikombe cha shaba. Ndani yake kuna tabaka jembamba la dawa, na juu ya dawa kuna kipande kidogo chenye miguu miwili au mitatu, hicho ndicho fuawe. Pini ya bunduki ikigonga kitako cha kikombe, dawa inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inalipuka. Shika picha hiyo kichwani, maana karibu kila kosa la kuchagua fataki linatokana na kikombe kigumu mno au chepesi mno, au na fuawe ambalo halijakaa chini.

Saizi ni mbili kwa bunduki na bastola nyingi: ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.175, na kubwa ya inchi 0.210. Za shotgani ni jamii nyingine, usizichanganye humu. Watu wanaishia kwenye kipenyo na kudhani wamemaliza. Hawajamaliza. Kila saizi ina ya bunduki na ya bastola, na kila moja kati ya hizo ina ya kawaida na ya magnamu.

Kubwa ya bunduki ina urefu wa takriban inchi 0.128, kubwa ya bastola takriban 0.120. Tofauti ni inchi 0.008, unene wa karatasi mbili hivi. Ukiitia ya bunduki kwenye ganda la .45 itabaki imechomoza nje ya kitako. Bastola ikijifunga kwa nguvu inaweza kuigonga ile iliyochomoza kabla hujagusa kifyatulio. Mdogo wetu, hilo ndilo jibu langu kwako. Lirudishe boksi, au mpe mtu mwenye bunduki ya .308.

Ndogo za bunduki na ndogo za bastola urefu wake ni karibu sawa, zinaingia kote bila kelele, na hapo ndipo mtego ulipo. Kikombe cha ndogo ya bastola kina unene wa karibu inchi 0.017. CCI 400, ambayo ni ndogo ya bunduki ya kampuni ya CCI, ina 0.020. CCI 450, ndogo ya bunduki ya magnamu, ina 0.025. Shinikizo la risasi ya bunduki ya .223 si la kubebwa na kikombe cha bastola. Kitatoboka, na gesi ya moto itarudi nyuma kupitia njia ya pini, uso wako uko pale.

Hata kati ya ndogo za bunduki kuna tofauti. Remington wana fataki inayoitwa 6½ na nyingine 7½. Zote ni ndogo za bunduki. Lakini 6½ ni ya risasi za shinikizo la chini kama .22 Hornet, na wao wenyewe wanaonya isitumike kwenye .223, ya huko ni 7½. Mtu anayenunua kwa kutazama maneno "ndogo, bunduki" peke yake hawezi kulijua hilo mpaka asome ubavu wa boksi.

Kuhusu magnamu: neno hilo lisikufanye udhani ni ya bunduki yenye jina la magnamu tu. Maana yake ni kwamba mwali wake ni mkali zaidi au wa muda mrefu zaidi. Inahitajika pale baruti ni nyingi, au ni baruti ya punje za mviringo ambayo huwa ngumu kushika moto, au hewa ni ya baridi kali. Usipoihitaji usiitie, maana inapandisha shinikizo.

Nitaendelea jioni, leo niko zamu ya mchana.

---

Mwanahewa wa Houston

Asante mkuu kwa uzi. Nina maswali mawili. Mimi napiga mashindano ya bastola, 9mm. Wakati wa ukame wa fataki wa 2021 wenzangu walitumia fataki ndogo za bunduki kwenye 9mm na zikalipuka vizuri. Je, walikosea? La pili, nina rivolva ya .38 ambayo fundi amelegeza springi yake ili kifyatulio kiwe laini. CCI zinakataa, risasi mbili au tatu katika kila hamsini.

---

Mjukuu wa Sikonge

Mkuu, la kwanza: bunduki kwenda bastola ni tofauti na bastola kwenda bunduki. Fataki ndogo ya bunduki kwenye 9mm inaingia, na kikombe chake ni kinene, kwa hiyo hakitatoboka. Tatizo lake ni kukataa kulipuka kwenye bastola yenye springi laini, na mwali wake si ule uliotumiwa na waliopima vipimo vya baruti vilivyo kwenye kitabu chako cha kujazia. Aliyeshuka hadi kipimo cha kuanzia na kupanda taratibu hakufanya uzembe. Aliyebadilisha fataki tu na kuacha kipimo chake kilekile alikuwa anabahatisha. Kinyume chake, fataki ya bastola kwenye .223, hapana kabisa, hata ukame uwe wa namna gani.

La pili: vikombe vya CCI ni vigumu, wapigaji wote wanalijua hilo. Vya kampuni ya Federal ni laini zaidi, ndiyo maana wenye rivolva zilizolegezwa springi wanazitafuta hizo, Federal 100 kwa .38. Ila kabla hujanunua, fanya jaribio hili. Chukua risasi iliyokataa, ipige mara ya pili. Ikilipuka mara ya pili, kwa kawaida kosa si la kikombe. Fataki ilikuwa haijakaa chini. Pigo la kwanza limeishindilia, la pili likaiwasha. Ikikataa mara zote mbili, na alama ya pini ni ya juu juu, hapo springi yako ni dhaifu kwa kikombe hicho.

---

Bakari wa Boise

Ndugu zangu, sisi huku Idaho tuko wengi tuliotoka Bukavu na Uvira, na wengine wetu tumeanza kuwinda na majirani. Mimi naishi saa kadhaa kutoka Lewiston, pale CCI wanapotengenezea fataki zao, lakini hata kwetu kuna siku rafu za duka ni tupu.

Nina bunduki ya 6.5 Creedmoor. Rafiki alinipa maganda mazuri ya kampuni ya Lapua, na tundu la fataki ni dogo, si kubwa kama la maganda yangu ya kwanza. Natumia CCI 400. Mwezi wa kumi kulikuwa kumekaa vizuri, zote zikalia. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya baridi kabisa mlimani, risasi moja ikakataa, ya pili ikachelewa. Nimevuta, kimya, nikahesabu kama moja, ndiyo ikalia. Niliogopa sana. Nifanye nini?

---

Mjukuu wa Sikonge

Ndugu Bakari, umefanya vema kuileta hapa badala ya kuendelea kupiga.

Hiyo ya kuchelewa ndiyo ya hatari kuliko iliyokataa. Bunduki ikikaa kimya, mtutu uendelee kuelekea mahali salama, na usifungue bolti. Hesabu angalau sekunde thelathini. Mtu anayekimbilia kufungua anaweza kukuta risasi inalipuka nusu ikiwa nje ya chemba, ganda halina kitu cha kulizuia.

Maganda ya Lapua ya 6.5 Creedmoor yametengenezwa kwa fataki ndogo ya bunduki, na tundu la moto lake ni milimita 1.5 badala ya 2 za kawaida. Watu wa shabaha ya mbali wanayapenda kwa sababu kitako chake kinavumilia kujazwa mara nyingi na mwendo wa risasi hautofautiani sana. Lakini ni mwali mdogo unaopita kwenye tundu dogo ili uwashe baruti nyingi. Kukiwa na joto unatosha. Kwenye baridi ya mlimani unaweza usitoshe, hasa na baruti za punje za mviringo.

Wengi wenye maganda hayo wanatumia CCI 450, ile ya magnamu. Ukihamia huko, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu kana kwamba hujawahi kujaza risasi hiyo. Usiseme "nitapunguza kidogo tu". Na kama bunduki hiyo ni ya mlimani tu, mimi ningerudi kwenye maganda ya fataki kubwa, nikaacha ya Lapua kwa ajili ya karatasi.

Mambo mawili zaidi. Vua bolti, ifute mafuta yote ndani. Mafuta yakiganda kwa baridi pini inakwenda polepole, na fataki inalaumiwa bure. Pili, hakikisha pini yako ya kung'olea fataki ni nyembamba ya kupita kwenye milimita 1.5, maana ile ya kawaida itanasa au itapinda.

---

Mzee wa Usa River

Wanangu, mimi sijazi risasi, niko Arusha na nimestaafu. Nilikuwa mfuatiliaji nyayo kwenye uwindaji wa kitalii kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, anabeba .303. Nataka kuongeza kitu ambacho naona mmekiruka.

Baba akirudi porini, kabla hajala, anachemsha maji. Birika zima anamwaga kwenye mtutu kwa faneli, kutoka nyuma mpaka mdomoni, maji yanatoka meusi. Kisha kitambaa, kisha mafuta. Nilidhani ni nidhamu ya kijeshi tu. Baadaye mwindaji mmoja mgeni akanieleza: fataki za zamani zilikuwa na chumvi ndani yake. Mafuta hayaiondoi, maji ndiyo yanaiondoa. Usiku mmoja wa masika ungetosha kuufanya mtutu uwe mwekundu.

Je, fataki za siku hizi bado zina chumvi hiyo?

---

Mjukuu wa Sikonge

Shikamoo Mzee. Asante sana kwa kuja kwenye uzi huu.

Mwindaji yule alikueleza sawasawa. Dawa ya zamani ilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa chumvi ya mezani, inavuta unyevu wa hewa, na unyevu unaleta kutu. Maji ya moto yanaiyeyusha, na mtutu ukiwa wa moto unakauka wenyewe haraka. Baba yako alikuwa anajua kazi yake.

Fataki mpya zinazouzwa hapa kwa wajazaji hazina klorati hiyo, jeshi la Marekani lenyewe liliachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini risasi za zamani za majeshi ya Ulaya Mashariki, zile zinazouzwa kwa bei ya chini kwenye makopo ya bati, nyingi bado zinayo. Anayezipiga na afanye kama baba yako, siku hiyohiyo.

Na hizo .303 za zamani zina jambo jingine. Maganda yake mengi ni ya mtindo wa Berdan. Hiram Berdan, Mmarekani, na Edward Boxer, Mwingereza, walipata hataza zao mwaka mmoja, 1866. Kwa Boxer fuawe liko ndani ya fataki, na ganda lina tundu moja la moto katikati. Kwa Berdan fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, na matundu ni mawili pembeni. Marekani wakachukua mtindo wa Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikachukua wa Mmarekani. Kwa mjazaji wa nyumbani maana yake ni hii: mulika ndani ya ganda kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, endelea. Ukiona mawili, liweke kando, pini yako ya kung'olea itagonga fuawe na kuvunjika, na fataki zake ni shida kuzipata.

---

Mzee wa Usa River

Marahaba mwanangu. Endelea, nasoma.

---

Mjukuu wa Sikonge

Nilisema nitaendelea jioni. Nataka kueleza kilichonipata mwaka 2021, kwa sababu ndicho kilichobadilisha namna ninavyochagua.

Nilikuwa na kipimo changu cha .308 nilichokijenga kwa msimu mzima na Federal 210. Najivunia hizo, zinatengenezwa Anoka, si mbali na ninapoishi. Kabla ya 2020 tulikuwa tunanunua fataki elfu moja kwa dola 30 hadi 35. Mwaka ule watu waliuziana kwa zaidi ya dola 100, na mara nyingi hukupata kabisa. Nikakuta boksi mbili za kampuni nyingine, kubwa za bunduki, za magnamu. Nikazishukuru. Nikajaza risasi hamsini kwa kipimo changu kilekile, nikijiambia kwamba fataki ni kiberiti tu, moto ni moto.

Risasi ya kwanza, bolti ilikuwa ngumu kuinua. Nikasema ni ganda. Ya pili ngumu zaidi. Ya tatu nikasikia kitu kama pumzi ya moto kwenye shavu la kulia, na kioo cha miwani yangu ya kinga kikawa na doa jeusi. Niliweka bunduki chini, mikono inatetemeka.

Niliyaokota maganda matatu nikayapanga juu ya meza ya plastiki. Fataki ya kawaida iliyopigwa ina kingo za mviringo kidogo, unaona mfereji mwembamba kati yake na ganda. Hizi zilikuwa bapa kama sarafu, mfereji umejaa. Kuzunguka alama ya pini shaba ilikuwa imeinuka kama mdomo wa kichuguu. Na ya tatu, katikati ya alama, ilikuwa na kitundu ambacho ncha ya sindano ingepita, kimezungukwa na masizi.

Siku hiyo niliitupa kauli ya kwamba fataki ni kiberiti tu. Fataki ni sehemu ya kipimo, sawa na uzito wa baruti. Vitabu vya vipimo vinataja jina na namba ya fataki iliyotumika kwa sababu hiyo. Ukibadilisha kampuni, hata kama maneno kwenye boksi yanafanana, unashuka na kuanza upya. Risasi arobaini na saba zilizobaki nilizifungua moja moja wiki nzima.

Tangu hapo nanunua hivi. Naanza na bunduki: pini yake inapigaje? Bunduki ya bolti na springi nzuri itawasha kikombe kigumu bila shida. Kisha ganda: tundu ni kubwa au dogo? Kisha baruti: kitabu kilitumia ya kawaida au magnamu? Kisha nitapiga wapi, joto la Julai au theluji? Nikishapata jina, nanunua za kunitosha miaka miwili za aina hiyohiyo, na zenye namba moja ya toleo nikiweza. Bei naiangalia mwisho.

Wenye bunduki za kujipakia zenyewe, AR-15, SKS, M1 Garand, nawaomba mnisikilize hapa. Pini zake zinaelea, hazishikwi na springi au zinashikwa kidogo sana. Toa risasi ya kiwandani ambayo iliingia chemba bila kupigwa, utaona fataki yake ina kialama kidogo. Pini iliigusa kwa kasi ya bolti tu. Kikombe kikiwa laini, au fataki imechomoza, mguso huo unaweza kutosha, bunduki ikalia yenyewe wakati bolti inafunga. Kwa hizo CCI wana namba 41 kwa ndogo na 34 kwa kubwa, zimetengenezwa kwa masharti ya kijeshi kwa kazi hiyo. Sitamshauri mtu aliye na Garand aende na fataki laini ya shabaha.

Na popote, kila fataki ikae chini ya usawa wa kitako, inchi 0.003 hadi 0.005. Pitisha ncha ya kidole juu ya kila ganda, kila moja bila kuruka. Kidole kinahisi kile ambacho jicho linakosa. Maganda ya kijeshi yana ukingo uliobanwa kuzunguka fataki ya kwanza. Ukiuacha, fataki mpya itaingia upande au isifike chini. Uondoe kwanza, usilazimishe.

---

Muuguzi Columbus

Nimesoma yote, ni uzi mzuri. Mume wangu anajaza risasi, mimi ni muuguzi, na nina neno.

Fataki nyingi zina stifnati ya risasi, yaani madini ya risasi yako kwenye dawa yenyewe. Mnazungumzia mwali, lakini vumbi linalobaki kwenye maganda yaliyopigwa ni sumu. Mume wangu alikuwa anasafisha maganda kwenye mashine ya kutikisa, kavu, gereji, mfuniko wazi, na mtoto wetu wa miaka mitatu anacheza na magari yake sakafuni. Kwenye kliniki kipimo cha madini ya risasi kwenye damu ya mtoto kilikuja juu ya 3.5, ambacho tangu 2021 ndicho kiwango cha kufuatilia watoto hapa Marekani, mikrogramu kwa desilita. Sikulala.

Tulibadilisha kila kitu. Sasa maganda yanaoshwa kwa maji, hayatikiswi makavu. Fataki zilizokwisha zinaingia kwenye chupa yenye kifuniko. Mume wangu ana nguo za gereji na viatu vya gereji, haviingii ndani. Sakafu inafutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi. Halipo bilauri wala kikombe cha chai mezani pale. Anaosha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hajamshika mtoto. Kipimo kilishuka, taratibu.

Tafadhali mkipendekeza fataki mtaje na hili.

---

Mjukuu wa Sikonge

Dada, nakushukuru kwa moyo wote. Hilo lilistahili kuwa juu kabisa, na sikuliandika. Pole kwa mlichopitia. Zipo fataki zisizo na madini ya risasi ndani yake, CCI wanaziita Clean-Fire na Federal wanaziita Catalyst, lakini nazo ni kipimo kingine, mtu asizibadilishe hivihivi.

Na kwa kuwa umetaja gereji, niseme na la kuhifadhi. Fataki zibaki kwenye boksi lake la asili. Zile trei zimetengenezwa ili moja ikilipuka zisifuatane zote. Ukizimimina kwenye chupa ya kioo umetengeneza bomu. Ziwe mahali pakavu na baridi, mbali na baruti, na kwa nyumba ya kawaida kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi ni zisizidi elfu kumi.

---

Kijana wa Tabora Mjini

Kaka, shikamoo. Mjomba wangu Dallas anakuja Desemba. Baba ana gobole lenye kibali na fataki zimekuwa shida. Je, mjomba anaweza kuleta vikopo viwili kwenye begi kubwa, si la mkononi?

---

Mjukuu wa Sikonge

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Fataki haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, begi la mkononi wala la chini. Hata posta ya Marekani haizipokei. Sisi tukiagiza zinakuja kwa lori, na tunalipia ada ya mzigo wa hatari. Mjomba akikamatwa nazo uwanja wa ndege safari yake itaishia hapo, na akifika nazo Dar es Salaam atakuwa ameingiza vilipuzi bila kibali. Mwambie baba aende na kitabu chake cha kibali kwa ofisa wa silaha polisi, aulize duka lenye leseni. Mwambie mjomba leo, kabla hajafunga begi.

---

Bakari wa Boise

Ndugu, nimerudi. Nilivua bolti, ndani mlikuwa na grisi nzito kama asali, sijui aliyeniuzia aliitia lini. Nimeifuta yote. Nimenunua CCI 450, nimeanza kipimo cha chini kabisa cha kitabu, nimejaza tano kwa kila hatua. Jumamosi asubuhi ilikuwa digrii tisa chini ya sifuri. Risasi ishirini, zote zimelia palepale. Maganda nimeyapanga mezani kama ulivyosema, kingo bado ni za mviringo. Hatua ya nne bolti ilianza kuwa nzito kidogo kuinua, nikaacha, nikarudi hatua ya pili. Je, nisimame hapo, au nijaribu ya tatu tena kukiwa na joto?

---

Mjukuu wa Sikonge

Simama ya pili. Uliyopima kwenye baridi yatapanda kidogo jua likiwaka, na bolti imeshakueleza mpaka ulipo. Kama zimebaki za hatua ya nne, zifungue. Mwezi wa saba ijaribu hiyo ya pili tena, kisha tuletee picha ya maganda.